Mama Alikwenda Upande wa Boti

Mama yangu yupo. Naanza na hilo kwa sababu sipendi kumweka mtu roho juu mpaka mwisho wa habari. Yupo, anakula vizuri, na leo asubuhi amenifokea kwa kuwa nilizidisha chumvi kwenye maharagwe. Ninachotaka kusimulia ni siku moja ambayo kwa muda mrefu sikujua kama nitafokewa tena.

Mama hasikii. Alipokuwa mwanamke kijana kule Masisi aliugua homa kali, akapewa dawa ya kinini kwa wingi, homa ikaondoka na masikio yakaondoka nayo. Anasoma midomo ya watu anaowajua. Ya watu asiowajua anaisoma anavyotaka yeye, na mara nyingi huwajibu jambo ambalo hawakuuliza. Yeye mwenyewe husema kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe walioko ng'ambo ya bonde, ndiyo maana siri za nyumba yetu zinajulikana avenyu nzima. Nikimwomba apunguze, ananiambia nimemzibia kinywa sasa baada ya Mungu kumziba masikio. Basi namwacha.

Anasikia kwa miguu. Hukaa mlangoni bila viatu, nyayo zikiwa juu ya saruji, na lori likipita barabara kubwa atakuambia kama limebeba mizigo au ni tupu. Hakosei mara nyingi. Lakini kuna kitu kimoja ambacho miguu yake haiwezi kukitofautisha, na mjini kwetu kitu hicho ndicho chenye maana kuliko vyote. Ardhi ikitikisika ghafla, kwake ni volkano. Haijawahi kuwa kitu kingine.

Siwezi kumlaumu. Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa mtaa wa Murara, na lava iliimeza pamoja na vitanda, cherehani na picha ya ndoa ya baba na mama. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, nikaona moto unaingia kwetu polepole, bila haraka yoyote, na mama amesimama barabarani akiutukana. Baadaye tulihamia Ndosho, tukajenga nyumba ya mbao juu ya mawe meusi ya lava ya zamani, maana Goma hakuna pa kujenga pengine. Baba alifariki. Mimi nikaolewa na fundi mbao wa mtaa huo huo, nikamchukua mama akae nasi. Watoto wetu wamekua na kwenda zao. Tumebaki watatu.

Mlima ulipowaka tena, sisi watu wazima watatu tulikimbia kila mtu kivyake, tena kwa njia zetu tofauti. Mimi na mume wangu tulipoonana, tulimtafuta mama mpaka mji wa Sake. Tulizunguka kwenye mashule yaliyojaa watu, tukamtazama usoni kila mwanamke mzee kama si yeye. Kumbe mama alikuwa ameketi muda wote huo kwenye shapeli moja, kanisa dogo juu ya kilima, magharibi ya mji upande wa Lac Vert, pale ziwa kubwa linapoonekana lote. Tulikuwa tumepita chini ya kilima hicho tukienda, tukapita tena tukirudi. Alikonda siku zile, nami nilikonda zaidi.

Tulipokutana alitunga sheria. Alitukalisha mezani, akapiga ubao kwa kiganja kila baada ya neno. Siku ardhi ikitikisika, kila mtu aende shapeli. Asimtafute mwenzake. Asirudi nyumbani kuchukua sufuria. Aende shapeli, akae pale, angojee wengine. Mume wangu, ambaye hawezi kuacha mzaha upite, aliuliza itakuwaje kama chakula kiko motoni. Mama alimsoma midomo, akamjibu kwa ukali kabisa.

"Zima moto, uende ku shapeli."

Tulikubali. Watu wengi wa Goma wana makubaliano ya namna hiyo nyumbani mwao, kila familia na pahali pake, ila wengi huyasahau volkano ikituliza moshi. Mama hakusahau. Alikuwa na mfuko wake umening'inia nyuma ya mlango, ndani yake kuna kitenge, sabuni, kadi ya kura na viazi vitamu vilivyochemshwa, ambavyo alivibadilisha kila mara kwa vipya. Tulikula sana viazi vya jana katika nyumba ile.

Sasa vita. Sitaeleza nani alikuwa anampiga nani, kwa sababu kwetu swali hilo lina masikio mengi kuliko mama. Itoshe kusema kwamba vita vilikuwa vimesogea mpaka kwenye vilima vya magharibi. Barabara ya Masisi ilifungwa, na mimi nikaumia, maana nauza fromaji, jibini ya Masisi, zile za mviringo za maziwa ya ng'ombe wa kule. Meza yangu iko Ndosho karibu na wachomeleaji. Ilibaki na vipande vichache vikavu ambavyo hata mimi nisingejiuzia.

Halafu zikaja boti. Zilikuwa za rangi ya kijivu, za kijeshi, zikasimama katikati ya ziwa upande wetu. Wavuvi wa sambaza, vile vidagaa vyetu, walikatazwa kutoka, na wanawake wa soko la samaki la Kituku wakapandisha bei siku hiyo hiyo, jambo ambalo lilinikasirisha kuliko boti zenyewe. Walisema boti zile zimebeba makombora yanayoruka mbali na kuchagua pa kuangukia. Mume wangu alisema kombora halichagui kitu, na kwamba yeye akipiga msumari karibu kabisa bado wakati mwingine hupiga kidole. Nilicheka. Jioni tulimwambia mama kuwa kuna boti za askari ziwani. Alitikisa kichwa, akaendelea kuchambua maharagwe. Nilidhani hajaelewa, au hajali. Vita aliviona tangu utotoni, mwanzo wake na mwisho wake, na alikuwa na tabia ya kuvizungumzia kwa dharau, kana kwamba ni wageni wasio na adabu.

Siku yenyewe nilikuwa mezani kwangu, asubuhi, jua limekwisha kupanda. Ardhi ilipiga chini ya miguu yangu, mara moja, kwa nguvu. Vipande vya fromaji viliruka. Na hapo watu wote wa ile njia, wauza makaa, wachomeleaji, wasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo, walifanya kitu kile kile kwa pamoja: waligeuka kutazama kaskazini. Huwezi kumfundisha mtu wa Goma kufanya vingine. Shingo inageukia mlima kabla kichwa hakijaamua. Mlima ulikuwa pale, safi, na kamoshi kake kadogo ka kila siku.

Nakumbuka tulivyopumua. Ni jambo la kuchekesha nikilifikiria sasa, kwamba kombora lilianguka na sisi tukapumua. Kisha kitu kikapita juu yetu na sauti ya kitenge kipya kinachopasuliwa, vilima vya magharibi vikaitika, na mtu mmoja akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni ku ziwa." Boti zilikuwa zinapiga vilimani. Watu wakaanza kukunja biashara zao.

Nilifunga meza, nikaenda nyumbani kwa haraka lakini bila wasiwasi mkubwa. Nilijua nitamkuta mama mlangoni, nitamwonyesha ishara ya bunduki, tutaingia ndani, tutalala chini ya meza ya mume wangu, ile ya mbao nzito. Nilifika, mlango umefungwa kwa kufuli. Makaa yamemwagiwa maji kwenye mbabula, jiko letu, bado yanatoa mvuke. Kuku wetu wa pekee, aliyekuwa akifungwa kwa kamba kwenye mguu wa benchi, hayupo, kamba pia haipo. Nilichungulia dirishani nikaona msumari nyuma ya mlango hauna mfuko.

Hapo nikaelewa. Ardhi ilitikisika, na mama alikuwa amekwenda shapeli. Alikuwa anatembea peke yake, bila kusikia chochote, kuelekea pale ambapo ziwa linaonekana lote, na boti ndani yake.

Jirani yetu, mama mmoja mwenye watoto wengi na moyo mwema, alikuwa anafunga godoro. Aliponiona aliacha.

"Mama yako amepita apa," aliniambia. "Nilimushika mukono. Nilimuambia ni bomu, ni bomu. Yeye alinicheka tu, akanionyesha mulima na kidole, akasema, 'Beba batoto, twende.' Nilimuvuta, akafikiri nataka anisaidie godoro."

"Alienda upande gani?"

"Ule wa Lac Vert," alisema, ingawa wote wawili tulijua.

Niliogopa. Nasema hivyo bila kuzunguka. Nilikaa kwenye kizingiti cha nyumba yangu mwenyewe. Wakati ule boti zilikuwa zimekwisha kupiga mara kadhaa, na wale wa vilimani walikuwa wameanza kujibu. Kila mtu alijua majibu yao yangeanguka wapi: ziwani, au kandokando ya ziwa kama wakikosea.

Mume wangu alifika akikimbia, randa ingali mkononi, vumbi la mbao kichwani. Nilimweleza. Alisema tungoje kidogo.

"Ataona hali, atarudia," alisema. "Mama si mujinga."

"Haoni kama ni vita. Yeye anaona volkano. Unafikiri atarudia ku moto?"

"Sasa tukienda na yeye akirudia njia ingine?"

Kumpigia simu hakukuwa na maana, maana simu haina faida kwa asiyesikia, na siku hiyo reso, mtandao wa simu, ilikuwa imekatika kwa wote. Kwa mara moja maishani mama alikuwa sawa na watu wengine. Nilimwambia mume wangu maneno ambayo siyo ya kuandika. Nilimwambia pia kama anaogopa abaki na mbao zake. Aliweka randa chini ya benchi, akajaribu kufuli kama imeshika, akaanza kutembea mbele yangu kuelekea magharibi. Ndivyo alivyo. Hujibu kwa miguu, na mimi hubaki na hasira isiyo na pa kwenda.

Pale njia panda tulimwomba dereva mmoja wa pikipiki atupeleke. Alitutazama kwa huruma.

"Mama, ile njia haiko ya leo," alisema, akageuza pikipiki yake kuelekea mjini na watu watatu mgongoni.

Basi tulitembea. Barabara yote ilikuwa inakuja dhidi yetu. Magodoro yalikuwa vichwani, mbuzi wanavutwa, baba mmoja amevaa suti ya Jumapili na kukumbatia televisheni, wanawake wana sufuria mgongoni ambapo kwa kawaida hukaa mtoto. Tulipita kandokando, tukisukumwa mabega. Kila mtu aliyetuona alitupungia mkono turudi, na wengine walisema jambo, lakini sikusimama. Nilisimama kuuliza tu. Nilimuuliza kila mwanamke aliyeonekana na akili tulivu kama amemwona bibi mzee anayekwenda upande huu, ana mfuko na kuku. Shida ni kwamba nusu ya watu wa barabara ile walikuwa na kuku.

Mmoja alimkumbuka. Alikuwa muuza ndizi, na bado alikuwa ameshika kisu chake.

"Ule anasema nguvu?" aliniuliza. "Nilimukuta. Alinisalimia."

Sijui kwa nini hilo lilinipa nguvu, kwamba mama alikuwa amemsalimia mtu. Niliongeza mwendo.

Baada ya mtaa wa Mugunga kuna mahali barabara inapinda na ziwa linafunguka ghafla. Pale niliziona boti vizuri. Zilikuwa ndogo kutokana na umbali, na ziwa lilikuwa tulivu, la buluu, zuri mno kwa kazi iliyokuwa ikifanyika juu yake. Ubavu wa mojawapo ulitoa mwanga mweupe bila sauti. Niliwaza, lile kombora limekosa kulia. Halafu likalia, na ile sauti ya kitenge ikapita, na juu ya kilima cha mbali vumbi la kahawia likainuka, likakaa angani bila kuanguka. Kilima kile ni cha watu wanaofuga. Nimekula fromaji ya kile kilima miaka mingi.

Wale wa vilimani wakajibu. Mume wangu alinisukuma chini, tukalala kwenye mawe ya lava pembeni mwa barabara. Mawe yale hayasamehe. Yalinichana viganja na viwiko vyote viwili. Mume wangu alilala nusu yake juu yangu, na mlio ulipokwisha alisema karibu na sikio langu, kwa huzuni ya kweli:

"Nimeacha kole ku moto."

Aliacha gundi yake inachemka kule karakana. Nilianza kucheka nikiwa nimelala vile, mdomo umejaa vumbi, na kicheko kikataka kugeuka kuwa kitu kingine, nikakikatiza. Aliniinua. Tuliendelea.

Karibu na njia ya kupanda kilimani tulikutana na mzee mmoja, anaburuta mguu, amejifunga shati kichwani. Nilimuuliza.

"Mutoto wangu, usiende kule," alisema. "Ingine imeanguka sasa hivi. Pembeni ya shapeli."

"Kuko batu?"

"Sikuangaria. Nilikimbia."

Kupanda kilima kile huchukua muda mfupi, na sikumbuki kitu chake chochote isipokuwa mgongo wa mume wangu na jasho lililoloanisha shati lake. Nilimwahidi Mungu mambo ambayo baadaye sikuyatimiza, na naamini alijua wakati ule ule kwamba sitayatimiza. Nilimwomba nimkute mzima. Kisha nikapunguza bei, nikaomba nimkute tu. Mtu akifika pale pa kupunguza bei kwa Mungu, ameishiwa.

Shimo la kombora lilikuwa kwenye shamba la viazi chini kidogo ya shapeli. Udongo wake ulikuwa umetupwa mpaka njiani, mweusi, na majani ya viazi yamelala juu yake yakiwa bado mabichi. Vioo vya shapeli upande ule vilikuwa vimemwagika chini. Ukuta ulisimama. Paa lilisimama. Tuliuzunguka ukuta.

Mama alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango, uso kuelekea njia ya kupandia, mfuko kando yake na kuku amefungwa kwenye kamba ya mfuko. Alikuwa ametandika kitenge chake ngazini ili asichafue sketi. Alituona, akainua mikono yote miwili, na ile sauti ya kuita ng'ombe ikashuka kilima chote.

"Mulikawia."

Mume wangu alikaa chini pale pale alipokuwa. Mimi nilimfikia, nikamshika uso, mabega, miguu, nikitafuta damu, na damu pekee niliyoiona ilikuwa ya viganja vyangu mwenyewe, niliyokuwa nampaka. Aliniondoa mikono akaitazama, akalowesha pindo la kitenge kwa mate, akaanza kunifuta kama alivyonifuta nikiwa na miaka saba. Nilimwacha. Alikuwa mzima. Vumbi la lile shimo lilikuwa limemtia mvi zaidi ya zile alizonazo, basi.

Boti zilipiga tena na mume wangu akatuingiza ndani sote. Tuliketi nyuma ya ile meza ya altare, ambayo ni ya mawe, migongo ukutani. Mama aliweka kiganja sakafuni. Kila mtikisiko ulipokuja alitutazama na kutuambia ulikuwa mbali au karibu, na kila mara alikuwa amesema kweli kabla masikio yetu hayajaamua. Alifungua mfuko akatugawia viazi. Nilikula kiazi baridi nyuma ya altare na sijawahi kula chakula kitamu kama kile, tena mimi viazi vitamu sivipendi. Mume wangu alikula viwili na kuomba cha tatu. Nilitaka kumkumbatia mama na kumpiga kwa wakati mmoja.

Baada ya muda sakafu ilitulia. Mama aliacha kiganja pale kwa kitambo, kisha akakiondoa, akajipangusa. Tukajua imekwisha kwa wakati huo. Ndipo hasira yangu iliporudi, maana hasira yangu hupenda kusubiri hatari ipite. Nilikuwa nimeitayarisha hotuba njia nzima. Nilimshika mama kidevu ili anione midomo, nikasema polepole, neno kwa neno, jinsi mtu anavyosema na mtoto.

"Mama. Haikuwa mulima. Ni vita. Ni boti, kule ku ziwa. Unaelewa? Boti ndizo zilitikisa."

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Boti. Nimeziona. Nilikosa masikio, macho ningali nayo."

"Umeziona wakati gani? Sasa, apa juu?"

"Hapana. Nilijua ku njia, mbele ya kufika Mugunga." Alikuwa anakunja kitenge, hana haraka. "Niliona batu bote beko nakimbia kurudia ku muji, kuelekea mulima. Mulima ingekuwa inatapika, nani angekimbilia kule? Nikasema, basi haiko mulima leo. Ni batu."

Nilimgeukia mume wangu, naye alikuwa ameacha kutafuna. Mama alikuwa amejua tangu mwanzo wa njia. Aliuona umati wote unarudi, ukampungia mkono kama ulivyotupungia sisi, na alijua unakimbia nini. Kutoka pale mpaka shapeli ni mwendo mrefu kwa miguu yake, na wote unaelekea ziwani.

"Sasa kwa nini hukurudia na bale batu?" nilimuuliza. Sikuwa nasema polepole tena, lakini alinisoma vizuri.

Alinitazama. Mama ana namna ya kumtazama mtu aliyeuliza swali la bure, na nimeijua maisha yangu yote. Ila safari hii hakufoka.

"Ningerudia, tungepishana katikati ya batu," alisema. "Wewe ungefika apa, ungekuta sipo. Ungeendelea kunitafuta mbele, mpaka kule beko napigana. Nakujua. Ile mara ingine ulinitafuta mpaka Sake."

Alifunga mfuko, akaupiga kiganja uketi sawa.

"Mimi ni muzee. Nilisema heri nikae pahali unajua."

Alilisema kwa sauti yake ile ile kubwa, na shapeli ikalirudisha kutoka kwenye mabati. Mume wangu alisimama akaenda mlangoni kutazama njia kama imetulia. Mimi nililia. Sikujificha, na mama aliniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akainuka kwa kunishika bega, akasema tushuke kabla watu hawajatuvunjia nyumba.